Lami Ipo, Lakini Usiiguse

Uwanja wa ndege wa San Diego, Marekani, una njia moja tu ya kurukia na kutua. Urefu wake ni futi 9,401, karibu mita 2,865. Lakini ndege inayotua ikitokea mashariki hairuhusiwi kugusa futi 1,810 za mwanzo. Hiyo ni zaidi ya nusu kilomita ya lami ambayo rubani anaiona chini yake na kuipita tu. Imechorwa mishale myeupe inayoelekeza mbele, kisha mstari mnene mweupe unaokata njia kutoka ukingo hadi ukingo. Ruhusa ya kutua inaanzia hapo.

Mstari huo ndio kizingiti, sawa na cha mlango. Kwenye viwanja vingi kiko pale lami inapoanza. Hapa kimesogezwa ndani, kama mwenye nyumba aliyehamishia mlango wake katikati ya sebule.

Kwani ile sehemu ya mwanzo ina ubovu gani? Kuna viwanja ambako jibu ni lami dhaifu, na kuna vingine ambako kizingiti kilisogezwa ili majirani wapunguziwe kelele. San Diego si hivyo. Ndege inayopaa kuelekea magharibi inaruhusiwa kuanza mbio zake hapo hapo kwenye mishale, ikiwa imejaa mafuta na abiria, yaani ikiwa nzito kuliko itakavyokuwa wakati wa kutua. Lami inaubeba uzito huo bila shida. Tatizo liko hewani, kabla ndege haijafika.

Fanya hesabu kidogo. Ndege ya abiria kwa kawaida hushuka kwa mteremko wa digrii 3 hivi. Kwa mteremko huo, kila kilomita moja mbele inaishusha mita 52. Sasa, ukisogeza mahali pa kutua mbele kwa mita 552, ndege itapita juu ya kila paa la njiani ikiwa juu zaidi kwa karibu mita 29, ambazo ni kama ghorofa tisa. Nyumba hata moja haijabomolewa. Umetumia rangi nyeupe na kuhamisha taa.

Kwa nini San Diego ilihitaji hizo ghorofa tisa za hewa? Uwanja ulifunguliwa mwaka 1928, ukapewa jina la Charles Lindbergh, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amevuka Atlantiki peke yake kwa ndege iliyoundwa katika mji huo huo. Ulijengwa kwenye tope la ufuo wa ghuba, ardhi iliyojazwa, karibu kabisa na katikati ya mji. Kwa ndege ndogo za wakati ule, ukaribu huo ulikuwa sifa. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, jeshi liliuchukua uwanja na kurefusha njia ili ndege nzito za mabomu zilizoundwa pale ziweze kuruka. Baadaye zikaja jeti.

Mji nao haukusimama kuzisubiri. Mashariki kuna kilima cha Bankers Hill chenye nyumba na maghorofa, na kati ya kilima na uwanja inapita barabara kuu namba 5. Hata barabara ni kizuizi: kanuni za Marekani huichukulia barabara kuu ya aina hiyo kana kwamba iko juu zaidi kwa futi 17, kwa sababu ya malori, na reli kwa futi 23.

Kwa hiyo uwanja ndio ulioinama, na haukuinama bure. Ukitoa zile futi 1,810, ndege inayotoka mashariki inabaki na karibu mita 2,313 za kutulia, na mvua ikinyesha rubani anahitaji kila mita. Novemba 2006 wapiga kura waliulizwa kama uwanja uhamishiwe Miramar, kwenye kambi ya jeshi la wanamaji. Walikataa. Mishale ikabaki.

Lakini mji huo huo una hadithi ya pili, na humu aliyeinama ni mwingine. Karibu na uwanja mdogo wa Montgomery, jengo la ofisi la Sunroad lilipanda hadi futi 180. Mamlaka ya usafiri wa anga ilisema chochote kinachozidi futi 160 hapo ni hatari. Ujenzi uliendelea, kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2007 mwenye jengo alilazimika kukata sehemu ya juu aliyokuwa ameshaijenga.

Hizo ndizo njia mbili zilizopo: ama uwanja upoteze lami, ama jengo lipoteze kichwa. Tofauti ni nani alisema mapema.

Nairobi tunalijua jambo hili, hata kama hatulizungumzii. Uwanja wa Wilson ulianza ukiwa pembeni ya mji mdogo. Leo upande mmoja ni mbuga ya wanyama, kwingine ni Lang'ata, South C na Kibra, na kila mwaka maghorofa yanaongezeka. Kisheria, anayejenga karibu na uwanja wa ndege anahitaji idhini ya urefu kutoka KCAA, na mamlaka hiyo imewahi kulalamika hadharani kuhusu majengo yanayouzunguka Wilson. Mbuga haiwezi kusogea, na njia ya ndege haina pa kurefukia. Kila ghorofa inayoongezwa bila idhini inakula ama mita za rubani, ama pesa za aliyenunua nyumba ya juu.

Kwa hiyo ukionyeshwa picha tamu za nyumba ambayo bado haijajengwa, ghorofa ya kumi, ndege zikipita dirishani, usianze na rangi ya vigae. Anza na ile karatasi ya KCAA, kisha soma urefu ulioandikwa humo ni mita ngapi.