Mshindani kama Mhakiki: Manju wa Usukuma na Shule Isiyo na Mwalimu

Kwa miongo kadhaa sasa, mafunzo ya fasihi simulizi katika vyuo vyetu yamesimama juu ya maneno mawili: fanani na hadhira. Fanani hutunga na kutenda. Hadhira husikiliza, huitikia, hushangilia au huzomea. Tangu Ndyanao Balisidya na Penina Muhando walipochapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, wanafunzi wamezoea kuuona utendaji kuwa sehemu ya kazi yenyewe, wala si pambo lililoongezwa juu ya maneno. Jozi hiyo ya fanani na hadhira imeifaa taaluma kwa mengi. Hata hivyo, anayeitazama historia ya uimbaji katika Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita atagundua kwamba pale pana mtu wa tatu, ambaye vitabu vimemtaja kwa kupita tu. Huyo ni mshindani. Ndiye aliyekuwa mhakiki mkali kuliko wote, na kwa manju asiyesomea uimbaji mahali popote, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kile tunachokiita mwalimu.

Simulizi za Wasukuma zasema kwamba katikati ya karne ya 19 waliishi waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, waliobishania uwezo wa dawa zao. Ubishi huo haukupelekwa kwa ntemi, wala haukuamuliwa na wazee waliokaa kitako. Uliamuliwa uwanjani. Kila mmoja alicheza mbina, yaani ngoma, pamoja na wafuasi wake, na yule aliyewavuta watu wengi zaidi ndiye aliyehesabiwa mshindi. Kutoka kwa Ngika kukatokea Bagika, na kutoka kwa Gumha kukatokea Bagalu, vyama viwili ambavyo hadi leo karibu kila kikundi cha ngoma cha Usukuma hujitambulisha kwa kimojawapo. Iwapo mambo yalikuwa hivyo hasa, au iwapo masimulizi yameyanyoosha, si jambo la kugombania hapa. Lililo muhimu ni kwamba jamii nzima imekubali kueleza chimbuko la ngoma zake kwa kisa cha hukumu: nani bora, na nani aamue.

Utaratibu wenyewe wastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna nadharia nzima ya uhakiki. Mashindano hufanyika baada ya mavuno, hasa kati ya Juni na Agosti, vyakula vikiwa ghalani na miguu ikiwa na nafasi. Vikundi viwili hukabiliana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna zamu. Hakuna anayengoja mwenzake amalize. Watazamaji huwa huru kwenda huku na huku, na upande mmoja unapoanza wimbo mpya, au unapotoa sanamu ya mti, au nyoka, au kichekesho kisichotarajiwa, umati hukimbilia huko na kuuacha upande wa pili ukiimbia vumbi. Mashindano yaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Mshindi ni mwenye watu.

Mtu aliyezoea makofi ya ukumbini hana budi kulitafakari jambo hili. Ukumbini, msikilizaji aliyechoshwa hubaki kitini kwa adabu, na mwimbaji hurudi nyumbani akiamini kuwa amefaulu. Katika uwanja wa Kisukuma adabu ya namna hiyo haina pa kukaa. Tathmini hutolewa kwa miguu, tena papo hapo, katikati ya ubeti, na manju huiona kwa macho yake huku mdomo wake ukiwa bado unaimba. Naye hapewi sababu. Miguu haisemi kama kosa lilikuwa katika sauti, au katika maneno, au katika mwendo wa ngoma. Hilo humlazimu alitafute mwenyewe, na mahali pa kwanza pa kulitafuta ni upande wa pili: mwenzangu amefanya nini ambacho mimi sikukifanya?

Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, alikuwa mkulima kwanza. Alikuwa na shamba na ng'ombe kama jirani zake. Aliingia chama cha ngoma, akapewa dawa za chama, akawafuata waliomtangulia, akashika tungo zao, kisha siku moja akathubutu kutoa za kwake. Elimu yake ilikuwa ya kusikia. Wimbo wake mpya haukupelekwa uwanjani moja kwa moja. Ulipita kwanza katika vinywa vya waitikiaji wake, na hao walikuwa kichujio cha kwanza. Kiitikio kisichoshikika hakishikwi, hata kama mtunzi anakipenda namna gani. Baada ya kichujio hicho cha wenzake ndipo kulipokuja kile cha adui.

Adui huyo hakukosoa kwa siri. Aliimba. Katika majigambo ya Bagika na Bagalu, manju hujisifu na kumshusha mwenzake: umaskini wake, umbo lake, woga wake, dawa zake zilizochacha, na pia utungaji wake. Aliyetukanwa hakuruhusiwa kukasirika kwa ngumi bila kujiaibisha. Alitakiwa kujibu kwa wimbo, na wimbo huo uwe mzuri kuliko tusi lenyewe. Hapa ndipo kutoa na kupokea ukosoaji kulipokuwa tendo moja. Ili kumkosoa mwenzake, manju alilazimika kumsikiliza kwa makini kuliko alivyosikilizwa na shabiki yeyote. Shabiki husahau mstari dhaifu. Mshindani huuokota, huupindua, na kuurudisha mbele ya umati wote. Ni vigumu kufikiria darasa ambamo mwanafunzi husomwa kwa uangalifu wa kiasi hicho.

Shambani palikuwa na mizani nyingine. Vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, walilima kwa pamoja, na vikundi vya kulima vilikuwa na waimbaji wao. Hapo ndipo penye asili ya bugobogobo, ngoma ya majembe inayojulikana kote nchini. Katika kazi hiyo wimbo ulipimwa kwa jembe. Mwendo ukiwa wa haraka mno, wenye pumzi fupi huachwa nyuma. Ukiwa mzito, mstari wa wakulima huvunjika na majembe huanguka ovyo, kila moja kwa wakati wake. Hakuna haja ya mtu kusema kuwa manju amekosea. Udongo umekwisha kusema. Frank Gunderson, aliyekusanya na kufafanua nyimbo za kazi zaidi ya 300 za Wasukuma katika kitabu chake cha mwaka 2010, ameonyesha jinsi uwindaji, safari za upagazi kwenda pwani, uganga na kilimo vilivyoachiana nyimbo na vyama kizazi hadi kizazi. Kwa mtazamo huo, mwimbaji wa shambani na mwimbaji wa mashindano si watu wawili. Ni yule yule, Machi akiwa na jembe mkononi, Julai akiwa amejipamba.

Nyimbo hizi zilisafiri pamoja na watu. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947 ulihimiza familia kutoka katika maeneo yaliyobanana kwenda kufungua ardhi mpya, Geita ikiwa miongoni mwake. Waliohamia walijikuta miongoni mwa wageni wenzao, lakini ubishi wa Bagika na Bagalu waliuchukua pamoja na mbegu. Swali la nani aamue liliwafuata hata katika siasa. Kati ya mwaka 1954 na 1958 TANU ilipigwa marufuku katika Usukuma, na mwaka 1958 watu wa Geita waliposimama kupinga baraza la wilaya la rangi mbalimbali walilopangiwa, wakaenda kwa maelfu hadi Mwanza, hoja yao haikuwa mbali na ile ya uwanjani: mwamuzi asiyetoka kwao hakuwa mwamuzi.

Yafaa kutazama pwani kidogo, kwa sababu msomaji wa Kiswahili huelekea kuichukua pwani kama kipimo. Huko nako ushindani ni wa kale. Terence Ranger, katika utafiti wake wa beni uliochapishwa mwaka 1975, ameeleza jinsi Marini na Arinoti walivyorithi ugomvi wa mitaa. Na Tanga ya miaka ya 1970 ilijua vyema Black Star na Lucky Star. Lakini katika taarab, kama Kelly Askew alivyoonyesha mwaka 2002, msikilizaji anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji huenda haisifu sauti hata kidogo. Huenda anayachukua maneno ya wimbo na kumrushia mtu fulani aliyeketi meza ya tatu. Tuzo ni neno la msikilizaji, ambalo mwimbaji amekodishwa kulisema. Kwa hiyo mwimbaji wa taarab aweza kujazwa fedha bila kujua kama ameimba vizuri. Mwenzake wa Shinyanga hana shaka hiyo, ingawa pengine angeitamani.

Baada ya uhuru aliingia mwamuzi mpya. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara yenye dhamana ya utamaduni, na mwaka uliofuata kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Nia ilikuwa njema, nayo haipaswi kubezwa: ngoma zilizodharauliwa na shule za wakoloni zilipewa jukwaa na heshima. Bugobogobo ikapanda jukwaani Dar es Salaam. Lakini jukwaani jembe halikuwa na udongo wa kulipima, watazamaji wengi hawakuyajua maneno, na, jambo lililo zito zaidi, upande wa pili wa uwanja ulikuwa mtupu. Kikundi kilicheza peke yake mbele ya wageni waheshimiwa. Hapakuwa na mahali pengine pa umati kukimbilia.

Elias Songoyi aliligusa jambo hili mwaka 1988 katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipowalinganisha waimbaji wawili. Mmoja ni Kalikali, manju wa Usukuma, ambaye nyimbo zake ziliukosoa utawala. Wa pili ni Mwinamila wa Tabora, kiongozi wa kikundi cha Hiari ya Moyo, aliyejulikana kwa kukisifu chama na serikali. Wote wawili walikuwa mafundi. Wote walitokana na mapokeo yaliyo jirani. Kilichowatenga ni mahali walipoelekeza ukosoaji, na ni nani aliyeketi kuwasikiliza. Hapa yafaa kuongeza hoja moja juu ya uchambuzi wa Songoyi. Manju wa mashindano amelelewa kusema kasoro ya mtu mbele yake, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofunzwa yeye mwenyewe. Anapoikosoa serikali hafanyi uasi wa ghafla. Anaitendea kama mshindani, akitarajia ijibu kwa wimbo ulio bora. Lakini serikali haiimbi. Ina njia nyingine za kujibu, na ina njia ya kuzawadia wanaosifu. Mwimbaji akishazoea zawadi hiyo, sikio lake hugeuka. Huacha kusikiliza upande wa pili wa uwanja, akasikiliza jukwaa kuu.

Dhahabu imeleta umati wa aina nyingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa kisasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, Kahama, mwaka 2001, miaka mitano baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa hapo. Penye maduara na makarasha hukusanyika vijana kutoka pembe zote za nchi, wanaozungumza Kiswahili kwa kuwa ndicho pekee wanachoshirikiana. Manju anayefika hapo na Kisukuma chake huwapata wasikilizaji wengi, lakini ni wasikilizaji wa kuhamahama, ambao mwezi ujao watakuwa wamelifuata jiwe kwingine. Makofi yapo, na fedha zaweza kuwapo. Linalokosekana ni mtu aliyekusikia mwaka jana, anayekumbuka ulivyoshindwa, na aliyekuja leo kwa makusudi ya kukushinda tena.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, palipo na makumbusho ya Wasukuma, ushindani umepata makazi mengine. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika hapo miaka ya 1950, aliiingiza mbina katika sikukuu ya Ekaristi, na ndiyo chanzo cha Bulabo, jina litokanalo na maua yaliyopamba njia ya maandamano. Kila Juni vikundi hukutana hapo, Bagika na Bagalu, na umati huchagua pa kusimama.

Mtafiti anayeketi na vinasa sauti hana nafasi hiyo ya kuchagua. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma, zikiwamo za Wasukuma, santuri za wakati huo zilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande. Mashindano ya siku nyingi yakawa wimbo mmoja, wa kikundi kimoja, ukianza kwa utulivu na kukatika muda ukiisha. Nyaraka za redio ya taifa, iliyorekodi ngoma za mikoani kwa miaka mingi, zina umbo lile lile. Manju anasikika akimjibu mtu, sauti yake imeinuka, waitikiaji wake wanamsukuma mbele. Lakini wimbo uliomchokoza haumo katika sanduku, na aliyeuimba hakuandikwa jina.