Nyama ya Mbegha na Kusimikwa kwa Zumbe wa Usambara

Kabla ya utawala wa Wajerumani, Irente, eneo la ukingoni mwa milima ya Usambara linaloitazama tambarare ya Mazinde kutoka juu, lilikuwa ndani ya dola ya Wakilindi, yaani ukoo uliowatawala Washambaa kutoka makao yao makuu, Vuga. Sherehe kubwa ya dola hiyo haikufungwa na kalenda. Ilifanyika kila aliposimikwa zumbe mkuu, yaani mtawala, nayo iliurudia mwanzo wa utawala wenyewe mbele ya watu wote.

Mwanzo huo, kwa mapokeo yaliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, ni ujio wa Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa kwao Ngulu kwa kuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza na kuhesabiwa mkosi kwa jamaa zake. Huko Usambara aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia wenyeji nyama bila malipo, nao wakamkirimu kwa mazao yao, hata alipomwua simba, watu wa Vuga wakamfanya mtawala. Utaratibu wa kisa hiki una uzito mkubwa: nyama ilitangulia, enzi ikafuata, na waliolishwa ndio waliotoa mamlaka.

Ndiyo maana zumbe mpya aliingia Vuga usiku, kwa kuuiga ujio wa Mbegha, na ngoma ya kifalme, Nenkondo, ilipolia, umati ulikusanyika kumtambua na papo hapo kumwonya waziwazi kwamba asipowatendea vema watamwondoa. Onyo hilo lilikuwa na msingi, kwani Washambaa waliamini kwamba mtawala mwenye uganga wa mvua aliweza kuiponya nchi, kuzifya shi kwa lugha yao, au kuiharibu, kubana shi, na njaa ilikuwa ushahidi dhidi yake.

Zumbe mkuu Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, aliitunza muda mrefu ahadi hiyo ya mtawala kuwatendea watu vema. Baada yake vita vya warithi, akiwamo mwanawe Semboja aliyejiimarisha Mazinde kwa biashara ya misafara na bunduki, viliivunja. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, wakamweka Kinyashi, na tangu hapo mwenye kumsimika na kumwondoa zumbe akawa serikali ya kigeni, hasara kubwa kwa wananchi kuliko kodi yoyote. Kinyashi alijiuzulu 1903, akarudishwa na Waingereza 1926, na 1929 akakiacha tena kiti hicho.