Fedha Zilizokuwa kwa Jafari: Madai ya Stanley dhidi ya Tippu Tip, 1889-1891

Wanafunzi wetu wasomapo historia ya Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, humkuta Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, akiwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kisha akiwa wali wa Dola Huru la Kongo. Ni mara chache humkuta akiwa mdaiwa mahakamani. Kesi yenyewe iliwekwa Unguja na haikufikia hukumu. Labda ndiyo sababu watungaji wengi huipitia kwa sentensi moja tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kilichoipa kesi hiyo nguvu si uzito wa mashtaka. Ni kwamba Stanley, kabla ya kumdai mtu, alikwisha kujua fedha za mtu huyo zimewekwa wapi.

Tuanze na deni lenyewe. Tarehe 24 Februari 1887, Unguja, Stanley na Tippu Tip waliafikiana mambo mawili. La kwanza: Tippu Tip awe wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. La pili lilihusu msafara wa kumwokoa Emin Pasha: Tippu Tip atoe wapagazi 600, na kila mmoja atakayebeba mzigo kwenda na kurudi alipiwe pauni 6, baruti itolewe na Stanley. Kisha Tippu Tip na watu wake 96 walipakiwa katika meli Madura, wakazunguka Rasi mpaka mlango wa mto Kongo, bila kulipa nauli. Jambo hili la nauli tulikumbuke, maana Stanley hakulisahau.

Tarehe 28 Juni 1887 Stanley aliondoka Yambuya, kando ya mto Aruwimi, akawaacha nyuma Meja Barttelot na wenzake wangojee wapagazi. Wapagazi hawakuja kwa wakati. Mwaka mzima ulipita kabla hawajapatikana watu wapatao 400, na katika muda huo maradhi na njaa viliua wengi kambini. Barttelot aliondoka Yambuya Juni 1888, akapigwa risasi na kufa tarehe 19 Julai. Stanley alimtwika Tippu Tip sehemu kubwa ya lawama hizo. Tippu Tip naye alijibu kwamba baruti aliyoahidiwa hakupewa, na kwamba asiyetimiza sharti lake hana haki ya kudai la mwenziwe. Kwa maoni yetu hoja hii haikuwa dhaifu, na mbele ya hakimu makini ingemsumbua mdai.

Stanley alifika Bagamoyo mwanzoni mwa Desemba 1889, akavuka kwenda Unguja. Tufikirie hali yake kama mdai. Mdaiwa yuko Falls, mwendo wa miezi mingi kwa miguu. Mali yake ni pembe, bunduki na watu waliotawanyika toka Lomami hadi Maniema, na hakuna tarishi wa mahakama awezaye kuifikia. Tena mdaiwa ni raia wa Sultani, si wa Uingereza. Kumshtaki mtu wa namna hiyo ni sawa na kuandika barua isiyo na anwani.

Ndipo Stanley alipogundua jambo ambalo yeye mwenyewe amelieleza waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1890: Jafari, mwana wa Taria Topan, alikuwa ameshika pauni 10,600 za Tippu Tip. Fedha hizo zilitoka kwa Dola Huru la Kongo, zikiwa bei ya pembe alizonunua Luteni Becker kwa niaba ya Dola hilo.

Hapa mwanaisimu aruhusiwe kusimama kidogo. Katika Kiswahili cha misafara, neno «tajiri» halikumaanisha tu mtu mwenye mali nyingi. Tajiri ni yule atoaye bidhaa kwa mkopo ili msafara uende bara, kisha hupokea pembe zirudipo. Taria Topan, Mhindi wa Kachi aliyepata kukodi forodha ya Unguja, ndiye aliyekuwa tajiri wa Tippu Tip. Katika uhusiano huo nyumba ya tajiri ni duka, ni benki, ni daftari la maisha ya mtu. Atakaye kujua mali ya mfanyabiashara wa bara hana haja ya kwenda bara; aulize pwani, mlangoni kwa tajiri wake. Stanley aliwajua watu wa nyumba hiyo tangu safari yake ya 1871, na alijua mlango wa kugonga.

Zaidi ya hayo, Jafari alikuwa Mhindi chini ya himaya ya Uingereza, kwa hiyo balozi wa Uingereza alikuwa na mamlaka juu yake. Mahakama ya kibalozi haikuweza kumkamata Tippu Tip, lakini iliweza kumwamuru Jafari asizitoe fedha zile mpaka shauri liamuliwe. Amri hiyo ilitolewa. Stanley alidai kwa niaba ya kamati ya msafara iliyoongozwa na William Mackinnon, akitaka irudishiwe gharama zake. Mapema mwaka 1890 yeye mwenyewe alikuwa Kairo, akiandika kitabu.

Habari zilipofika Falls, Tippu Tip alilazimika kuchagua. Akibaki, amana yake ingeweza kupotea bila yeye kusikilizwa. Mwaka 1890 alimwachia uwali mpwawe Rashid bin Muhammed, akashika njia ya Ujiji na Tabora, akaugua njiani, na kufika Unguja Julai 1891. Madai yakaondolewa. Wapo wasemao kwamba alikuwa na sababu nyingine za kuondoka: umri, uchovu, na ukali wa Dola katika biashara ya pembe. Hatuzikatai, lakini hakuna sababu nyingine katika hizo iliyokuwa na hati ya mahakama.

Kongo hakurudi tena. Vita kati ya Dola na Waarabu viliwaka mwaka 1892, na mwanawe Sefu aliuawa mwaka uliofuata. Tippu Tip alikuwa Unguja, ambako aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, yale ambayo Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903 na ambayo François Bontinck aliyatafsiri kwa Kifaransa mwaka 1974. Alifariki huko Juni 1905.