Nafasi au Neno? Historia ya Amri ya wc na Matini ya Fizi na Baraka

Mtafiti anayekusanya matini ya Kiswahili katika kompyuta huulizwa swali moja kabla ya mengine: je, ana maneno mangapi? Katika mfumo wa Unix na wa Linux jibu hupatikana mara moja. Mtu huandika wc na jina la faili, naye hupewa idadi ya mistari, ya maneno na ya baiti. Makala haya yanadai kwamba hesabu hiyo haipimi lugha. Yanayopimwa ni mazoea ya kuandika, na mazoea hayo yana historia.

Amri ya wc imo katika mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotolewa katika maabara ya Bell huko Marekani mnamo Novemba 1971. Aliyeiandika ni Joseph Ossanna. Mashine yenyewe ilikuwa imepatikana kwa ahadi ya kuwasaidia makarani wa idara ya hataza kupiga chapa maombi yao. Mwongozo ule ulisema wazi, ndani ya mabano, kwamba maneno yanayohesabiwa ni ya Kiingereza. Baadaye mabano hayo yaliondolewa, lakini kanuni ilibaki: neno ni mfuatano wa herufi uliopakana na nafasi tupu au mwisho wa mstari.

Kanuni hiyo ikiletwa Fizi, mambo hugeuka. Kuanzia mwaka 2005 wakimbizi wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Watoto waliosomea kambini Tanzania walirudi na mazoea ya Kiswahili sanifu, na wenzao waliobaki wakaendelea na Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kinachotumia ku na mu mahali ambapo sanifu hutumia -ni. Tuchukue sentensi moja. Wa kwanza ataandika: "Nilimkuta sokoni akienda nyumbani." Wa pili: "Nilimukuta ku soko akienda ku nyumba." Maana ni ileile, ila wc humpa wa kwanza maneno 4 na wa pili 6. Kifaransa cha sentensi hiyo, "Je l'ai rencontré au marché alors qu'il rentrait à la maison", kina maneno 11. Kwa hiyo kikomo cha maneno 250 kilichobuniwa kwa muhtasari wa Kifaransa, kikihamishiwa kwenye Kiswahili bila kufikiriwa, humdai mwanafunzi maelezo marefu mno, na hakiwadai wanafunzi wote sawasawa. Jambo hili si dogo pale alama zinapotolewa.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1986 Doug McIlroy, msimamizi wa Ossanna na wenzake, alionyesha jinsi amri sita zinavyoweza kuunganishwa ili kupata maneno yanayotumiwa zaidi katika faili. Amri ya kwanza hukata matini kila inapokutana na alama isiyo herufi ya A hadi Z. Kwa Kiingereza hasara ni ndogo. Kwetu ng'ombe huchinjwa mara mbili: "ng" hukaa peke yake, na "ombe" peke yake. Ng'ambo ya ziwa nayo haifikiki.

Mistari haina unafuu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, una beti zipatazo 1,150. Katika miswada ya herufi za Kiarabu ni kawaida vipande vinne vya ubeti kukaa katika mstari mmoja, ilhali vitabu vya herufi za Kilatini huvipanga katika mistari minne. Basi wc -l itatoa 1,150 au 4,600 kwa utendi uleule, na zaidi ikiwa mpiga chapa ameacha mistari mitupu kati ya beti.

Wanaisimu walitambua mapema kwamba nafasi tupu haitoshi. Arvi Hurskainen wa Helsinki alichapisha mwaka 1992 uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, ambao huingia ndani ya neno na kutenga viambishi vyake. Hata hivyo mchanganuzi wa namna hiyo huanza na neno lililokwisha kutengwa na mwandishi. Historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, aliyoiandika André Yav mwaka 1965, haikutenga maneno kwa kanuni moja. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 ilimbidi kwanza amtafute mzungumzaji wa Kiswahili cha Shaba aisome kwa sauti.

Kwa matini ya Fizi ipo hatua rahisi zaidi, nayo ni wc -m, inayohesabu herufi na alama. Sentensi zetu mbili hutoa 34 na 37, ukiondoa alama ya mwisho wa mstari. Tofauti iliyokuwa nusu nzima kwa maneno haifiki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila matini ya Fizi na Baraka inayowekwa katika maktaba ya idara iandikiwe hesabu zote mbili, pamoja na maelezo ya jinsi mwandishi alivyoandika ku na mu.