Kutoka Fuawe hadi Gereji: Istilahi za Kuunda Pikipiki, Tukitazama Upare

Ofisi yetu huletewa maneno mengi ya kutafutiwa visawe, na mengi hayatusumbui. Lililotusumbua ni jina ambalo Waingereza huipa pikipiki ya zamani iliyovuliwa kila kisichohitajika, ikashushwa usukani na kurefushwa tangi, ili iende kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. Mfasiri mmoja aliandika “pikipiki ya mashindano ya mkahawani”. Sisi tukamsahihisha, tukaweka “pikipiki ya mkahawa”. Akatuuliza kwa barua kama ni ya kupelekea chai. Katika makala haya tutaeleza tulikosea wapi, na kwa nini msaada tuliupata Same, wala si katika makamusi.

Tuanze na kitu chenyewe, kwani mwenye kutunga istilahi bila ya kukijua kitu hutunga jina tupu. Katika Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 vijana walikutana katika mikahawa ya kandokando ya barabara kuu. Uliovuma zaidi ni Ace Cafe wa London, uliofunguliwa mwaka 1938, ukafungwa 1969, na kufunguliwa tena 2001. Fahari yao ilikuwa kufikia mwendo wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Kwa kuwa wengi wao hawakuweza kununua pikipiki ya mashindano, walijiundia. Usukani ulishushwa hadi mpandaji akalala juu ya tangi. Vikanyagio vikarudishwa nyuma ili miguu ifuate mwili ulioinama. Kiti kikawa cha mtu mmoja, chenye nundu nyuma. Waliojiweza walichukua fremu ya Norton, iliyosifiwa tangu mwaka 1950 kwa kushika njia vizuri, wakaitia injini ya Triumph, na chombo hicho wakakiita Triton. Ama jina lile la mkahawa, inasimuliwa kwamba lilianza kama kejeli: hawa si washindani, mbio zao ni za kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo tulipoteleza. Kejeli haifasiriki kwa kuhamisha neno baada ya neno. Asiyewajua waliokejeliwa hubaki na mkahawa na chai yake.

Mji wa Same umekaa chini ya Milima ya Upare, penye reli ya kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911, na penye barabara kuu iendayo Arusha. Kutoka hapo njia hupanda kwenda Mbaga, Mamba na Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Katika njia hizo pikipiki nazo hubadilishwa, lakini kwa kinyume cha London. Anayeteremsha tangawizi au ndizi hana haja ya kiti cha mtu mmoja. Kiti kirefu kinabaki, keria ya nyuma inaongezwa vyuma, na shokapu zinaimarishwa ili zistahimili mashimo. Hata hivyo kazi ya mikono ni ileile, na kazi hiyo ina lugha yake.

Tulikaa gereji siku mbili tukisikiliza. Fundi hasemi “anafanya ukarabati wa injini”, kama tunavyoandika sisi wa ofisini. Husema amekwisha kuishusha, sasa anaisuka. Kitenzi ni kilekile cha ukili na nywele, na hakikuwekwa ovyo: sehemu zote zimetandazwa juu ya gunia, na kila moja hurudi kwa zamu yake, ikipishana na mwenzake. Chuma kinachopunguzwa kwa mashine huchongwa. Vipande viwili vikiungwa kwa moto huchomelewa. Vitenzi hivi vinne, kushusha, kusuka, kuchonga na kuchomelea, havikupitishwa na kikao chochote. Wala neno pikipiki lenyewe halikupitishwa: watu waliusikia mlio, wakautaja. Unguja wako waiitao honda au vespa, kwa majina ya viwanda.

Lakini yafaa ikumbukwe kuwa milima hii ilikuwa na lugha ya chuma kabla ya gereji. Katika Ugweno, Upare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi na ndio uliotawala, kabla ya kupinduliwa na Wasuya, kama alivyoeleza Profesa Isaria Kimambo katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969. Mchanga wenye chuma ulikusanywa, ukayeyushwa kwa moto wa mvukuto, ukafuliwa juu ya fuawe. Na Wachaga walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Vyuma vya kigeni vilipoenea, tanuri zilipoa, na maneno yakapungukiwa na wasemaji.

Tulimwonyesha kijana mmoja wa gereji kile chombo cha mezani chenye kubana chuma kisicheze, tukamwambia ni jiliwa. Alicheka kwa adabu. “Mzee, hiyo ni vaisi.” (Sisi hatujafika miaka arobaini.) Suala hili si dogo. Mwongozo wa mafunzo ya ufundi ukiandika jiliwa, mwanafunzi hatajua pa kushika. Ukiandika vaisi, neno la kale lililomo kamusini linazidi kusahaulika. Mwalimu aliye mbele ya darasa hawezi kungoja tukubaliane.

Baadhi ya wenzetu husema dawa ni kurudi kwenye lugha za makabila, na mfano wao ni mzuri: kitivo, jina tulitumialo vyuo vikuu, limetoka Kisambaa na Kipare, ambako ni bonde lenye rutuba. Hata hivyo kitivo lilikabidhiwa watu ambao hawakuwa na neno jingine mdomoni. Fundi wa Same analo.

Kwa kitendo cha kujenga pikipiki upya tumependekeza kuunda. Asili yake ni kazi ya vyombo vya baharini; fundi wa pwani huunda jahazi kwa kipimo cha mwenye kuagiza, na hii ndiyo maana hasa tuliyoitaka. Usukani nao ulitoka katika vyombo hivyohivyo ukafika barabarani bila ya kuombewa ruhusa. Kuunda kwa chombo kizima, kusuka kwa injini, kuchonga kwa sehemu. Kwa ile aina ya London, yenye historia yake na kejeli yake, tumeacha jina lije lilivyo, kwa tahajia yetu: kaferesa. Mfasiri amekwisha kuandikiwa hivyo.

Kuhusu jiliwa hatukuafikiana. Tumeziandika zote mbili katika orodha ya muda, vaisi ikitangulia, na tutashukuru kupata maoni ya walimu wa ufundi kabla ya orodha hiyo kupigwa chapa.