Jarida Huru na Mafundi wa Mikono

Jarida huru la sanaa hudumu kwa jumuiya yake, wala si kwa mwasisi pekee. Jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy jijini Kampala mwaka 1961, liliwakutanisha waandishi na wasanii wa Afrika. Serikali ya Milton Obote ilipomtia Neogy kizuizini mwaka 1968, jarida lilinyamaza hadi lilipofufuliwa Accra mwaka 1971.

Somo hilo lafaa Ramisi, Kwale, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988. Jarida linalomtaja msukaji wa mikeka ya miyaa kwa jina lake humkutanisha na mnunuzi pasipo mchuuzi. Lakini likimtegemea mhariri mmoja, kama mji unaotegemea kiwanda kimoja, litaanguka naye.