Nusu Inchi

Sisi tuliofundisha shule za bweni tunaijua kazi ya kufyeka njia ya moto kabla kiangazi hakijakolea. Je, jirani aliye ng'ambo ya mpaka naye amefyeka? Miji miwili ya California, Marekani, yaani Oakland na Berkeley, imelipa gharama kubwa kwa swali hilo.

Miji hii imeshikana. Ukiwa juu ya vilima vyake huoni mmoja unaishia wapi. Nyumba zimejaa kati ya mikalitusi pande zote. Lakini kila mji una baraza lake na sheria zake.

Septemba 17, 1923, moto wa nyika uliingia Berkeley ukateketeza nyumba zipatazo 600, nyingi zikiwa za paa za vigae vya mbao. Baraza lilipitisha sheria ya kudai paa zisizoshika moto. Wafanyabiashara wa mbao wakaipinga, na haukupita muda ikafutwa. Jambo hilo hunikera kuliko moto wenyewe.

Oktoba 20, 1991, ikawa zamu ya vilima vya Oakland. Moto wa nyasi uliodhaniwa kuwa umezimwa siku iliyotangulia ulifufuliwa na upepo mkavu. Watu 25 walikufa, na makazi yapatayo 3,000 yakaungua, mengine yakiwa upande wa Berkeley. Wazima moto wa miji mingine walipofika kusaidia, walikuta midomo ya mabomba ya barabarani ya Oakland ina inchi 3, na mipira yao ni ya inchi 2 na nusu. Baadhi hawakuwa na viunganishi. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Kila mji ulifuata kipimo chake.

Mwaka 1992 jimbo liliagiza maeneo ya hatari yachorwe ramani. Kufyeka ni jambo jingine. Tangu 2004 Oakland ilitoza wenye nyumba za vilimani ada ya kazi hiyo, lakini mwaka 2013 theluthi mbili ya kura zilizohitajika ili iendelee zilikosekana kwa kura chache tu. Ada mpya ilikubaliwa Novemba 2024. Berkeley nayo, mwaka 2025, iliamua kwamba katika mitaa yake ya juu yenye hatari zaidi, kisiwepo kitu kinachoshika moto, hata kichaka cha maua, ndani ya futi 5 kutoka ukuta wa nyumba. Amri hiyo inakoma mpakani.